Bia Nyeusi ya Bwana Povu

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama naye anakusalimu, kisha anasema amechoka kutuma salamu kwa mtu asiyekuja kuzichukua mwenyewe. Huyo ndiye dada yako, hajabadilika.

Sisi wazima. Mama nimemhamishia kwangu tangu mwezi uliopita, maana ngazi za kule alikokuwa anaishi peke yake zilishaanza kumshinda. Amechukua chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, na mimi nalala cha nyuma pamoja na cherehani. Kazini bado nashona kola za sare. Msimamizi mpya anapita nyuma yetu akipapasa mishono kwa ukucha, na ukimgeukia anajifanya anatafuta kitu sakafuni.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Macho ya Mama yanaondoka, Mjomba. Daktari wa macho amemchunguza, akaniita pembeni, akaniambia hakuna miwani itakayosaidia. Kwa sasa anaona sura ya mtu akikaa karibu, ila hakuna anayejua ni hadi lini. Mama mwenyewe hataki tulizungumzie. Anachosema ni kimoja tu: anataka akuone wewe kabla giza halijaingia.

Nikikupigia simu unasema mtandao mbaya, halafu unakata. Barua haina mtandao, kwa hiyo na hii useme imekatika.

Juzi alikuwa dirishani, akaanza kusimulia likizo yako ile ya mwisho, ulipotupikia bia nyeusi ya Kibelgiji uliyofundishwa kule kwenye kiwanda chenu cha bia. Unakumbuka? Madirisha ya jiko yalitoka jasho, wewe ukiwa na kipimajoto umekichomeka sikioni kama penseli ya fundi seremala. Mimi nilikalishwa kwenye kigoda nilinde ndoo isisogezwe na mtu, na asubuhi tukakuta povu limefungua mfuniko lenyewe na kupanda ukutani. Ndipo Mama akakupa jina la Bwana Povu. Alicheka peke yake pale dirishani, halafu akasema: "Natamani nimuone tena, na hiyo bia yake iko mezani."

Njoo, Mjomba. Na kama kweli huwezi, basi nifundishe kuipika, angalau nusu ya anachokitaka akipate.

Mpwa wako,
Chiriku

1 Machi

Chiriku,

Marahaba. Naona umekua lakini mdomo umebaki ule ule. Mwambie dada salamu zake zimefika zote na zinakaa vizuri.

Mimi mzima. Nyumba ninayopanga imepakwa rangi mpya, ya kijani, sijui nani aliichagua. Kiwandani tupo, mambo yanakwenda. Habari ya macho nimeisoma, nikaiweka chini, nikaisoma tena. Sina la kusema ambalo lina maana.

Kuja ni kugumu mwaka huu. Likizo zimebana. Tusibishane juu ya hilo.

Bia nitakufundisha. Kifurushi utakachopewa na dereva wa lori anayeleta barua hii kina hopsi, yale maua makavu machungu, na hamira ya bia. Hamira ya mkate weka mbali, usije ukatuaibisha. Kimea, ile nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, tafuta kwenu, kingi cha rangi ya kawaida na kidogo cheusi kilichokaangwa, wakusagie kikwaruzwe tu, kisiwe unga. Kiloweke kwenye maji ya moto ambayo hayachemki, ufunike sufuria kwa blanketi, kisha uketi mbali nayo. Wanaoanza huharibu kwa kufunuafunua. Chuja, chemsha maji yake pamoja na hopsi. Rangi na utamu wa chini hutoka kwenye sukari: iunguze peke yake kwenye sufuria ndogo mpaka iwe nyeusi lakini haijawa mkaa. Hapo katikati ni padogo sana, na Mbelgiji mzee aliyenifundisha alinipiga kofi la mkono mara nyingi kabla sijapaona.

Sukari hiyo itie kwenye sufuria inayochemka, kisha bia yote ipoze, imimine kwenye ndoo yenye mfuniko, weka hamira. Toboa mfuniko upitishe mrija, ncha yake ya pili izame kwenye chupa ya maji. Ikianza kutoa mapovu, ujue iko hai. Ikinyamaza kabisa, tia kwenye chupa nene na sukari kidogo sana, ufunge, uisahau.

Usafi, Chiriku. Kila kitakachogusa bia baada ya kupoa kiwe safi kuliko sahani ya mgeni. Na ukipika, niandikie inanukaje. Usiniambie tu inanukia vizuri. Eleza.

Mjomba wako

19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, ila amegombana na mwenye duka la chini kwa kumwambia nyanya zake zimeiva kupita kiasi, wakati zilikuwa pilipili hoho. Mama alikasirika, kisha akanuna siku nzima. Nilijifanya sikuona.

Bia imepikwa. Nilichukua Jumapili nzima. Sukari ya kwanza iliungua nikaitupa na sufuria ikabaki nyeusi, ya pili nikaitoa mapema, ya tatu ndiyo hiyo. Umesema nieleze harufu, nami sikujua kwamba harufu inachosha kuieleza. Kimea kilipoingia kwenye maji ya moto, jiko lilinuka kama mtu ameoka mkate chumba cha jirani na amesahau kutuita. Baadaye ikawa kama uji wa kwanza kabla haujatiwa chochote. Hopsi zilipoingia ikageuka, majani mabichi yaliyolowa, na uchungu unaoukuta juu ya ulimi kabla hujaonja. Sukari ilianza kama peremende na ikamalizikia kwenye moshi.

Mama alisimama mlangoni, akaegemea, akafumba macho. Akaniambia jiko la zamani limerudi. Akaanza kuelekeza vitu ambavyo havipo: kabati lilikuwa pale, meza pale yenye mguu mfupi, na wewe pale umevua viatu. Nilizima moto, Mjomba, nikamsikiliza tu. Tulikuwa na nyumba ndogo na hatukujua kwamba ni nzuri.

Mapovu yalitoka kwa fujo, kisha taratibu, kisha kimya. Wiki iliyopita nimetia kwenye chupa. Mama aling'ang'ania kuziosha mwenyewe, akasema bado hajawa fenicha. Nikamwachia. Alizing'arisha, ukiziona utafikiri ni za dukani.

Likizo vipi? Nauliza tu.

Chiriku

10 Mei

Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Habari ya mkate wa jirani ni ya kweli kabisa. Ya uji sikuitegemea, lakini nayo ni ya kweli.

Ile meza haikuwa na mguu mfupi. Sakafu ndiyo iliyokuwa imezama. Mimi na baba yako, Mungu amrehemu, tulikata miguu mitatu kuufuata huo mmoja, ikazidi kuyumba, na dada hakutusemesha mpaka kesho yake. Mwambie nakumbuka.

Acha chupa zikae. Bia hii ukiinywa mapema ina ukali wa kijana, haina adabu. Iache mpaka utakapochoka kuifikiria.

Likizo bado. Huku kuna shughuli.

Mjomba

22 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama ana nafuu ya mguu, ule wa ngazi. Macho siandiki. Ameanza kunishika uso kwa mikono akiniaga asubuhi, anasema anapenda tu, nami najitia hamnazo.

Nimefungua chupa ya kwanza nikiwa peke yangu, kabla sijamwekea Mama mezani. Sitakuambia nimeona nini, nisije nikakutia maneno mdomoni. Wewe ndiye fundi. Nakutumia chupa moja kwa dereva wetu wa lori, na nyingine nimempa yeye kwa ajili ya usumbufu. Onja, uniambie ukweli wote, hata kama unauma. Mama nimemwambia bado haijawa tayari, na ananiuliza kila siku.

Chiriku

15 Julai

Chiriku mpwa wangu,

Marahaba, na hongera. Chupa imefika salama, nimeinywa jioni nikiwa kibarazani, polepole, kama inavyotakiwa.

Umeipata. Rangi ni yenyewe, nyeusi yenye wekundu ukiiinua kwenye mwanga, na povu lilikaa juu bila kukimbia. Harufu ni tende na zabibu kavu, nyuma yake sukari iliyoungua, na mwisho kabisa kama karafuu kwa mbali. Mbelgiji mzee angekukumbatia. Hakuna cha kurekebisha. Mpe dada anywe, umwambie ni ile ile.

Sasa kwa kuwa ameshapata bia ya nyumbani, naona la mimi kuja halina haraka.

Mjomba wako

3 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, nisamehe, nitaanza na lenyewe.

Bia ile ilinuka plasta. Ile plasta ya kidonda ya hospitali, Mjomba, na ukiinywa ilikuwa kama umelamba sakafu ya zahanati. Dereva, niliyempa ya kwake ili niwe na pua ya pili, aliifungua njiani, akaitema, akaja kuniuliza kwa upole kama nina ugomvi naye. Nilimuuliza Mama aliosha chupa kwa kitu gani. Kwa sababu hasomi tena maandishi ya kopo, alichukua dawa ya madoa, ile ya kung'arisha mashuka, akidhani ni sabuni ya maji, na akazisuuza haraka haraka kwa kuwa dawa haikuwa na povu. Nilipomweleza alikaa kitandani, akavuta shuka mpaka mabegani. Nilimwambia tukiulizwa tutasema zilipasuka zenyewe. Nimeosha ndoo naanza upya.

Hilo ni langu na Mama, tutalimaliza. Lakini wewe uliona tende na zabibu. Hata mtu mwenye mafua angeiweka chini.

Kama ulisema vile kunifurahisha, niambie. Nitacheka na yataisha. Ila sidhani. Wewe uliwahi kumwaga ndoo nzima mbele ya wageni kwa sababu ilikuwa na kasoro ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Huwezi kusifu uchafu kwa ajili ya kunifurahisha mimi.

Kuna nini, Mjomba?

Chiriku

20 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Dereva anasema barua ya Agosti alikukabidhi mkononi, na kwamba uliipokelea getini. Nilimuuliza geti gani, akaniambia geti la kiwanda, kwani hujui, ndipo anapokaa.

Sitakuandikia tena mpaka wewe uandike. Mama anauliza kama umehama.

Chiriku

12 Oktoba

Chiriku,

Marahaba. Sijahama. Nilikuwa natafuta jinsi ya kuandika barua hii ikaonekana nyepesi, na nimeshindwa, kwa hiyo soma ilivyo.

Sinusi harufu yoyote. Mwaka juzi niliugua mafua mabaya, homa ikapita, pua haikurudi. Nilidhani ni wiki, ikawa miezi. Madaktari walimulika, wakaandika dawa, wakainua mabega. Na pua ikienda inaondoka na ulimi. Nakula kwa sababu saa imefika.

Kiwandani kila asubuhi tulikuwa tunapangiwa glasi mezani, tunanusa, tunaonja, tunasema pipa hili liendelee, hili limwagwe. Nilijificha muda mrefu. Nilikuwa natazama nyuso za wenzangu, nikisubiri mmoja akunje pua nami nikunje. Siku moja nao walikuwa wananisubiri mimi, nikapitisha pipa lililoharibika. Hawakunifukuza, ni watu wazuri. Wamenipa geti. Naandika malori yanayoingia na kutoka. Bado wananiita Mpishi, kwa heshima, na mimi naitika huku nafungua komeo. Lile la "likizo zimebana" lilikuwa uongo. Likizo ninazo tele.

Bia yako niliieleza kwa kumbukumbu. Niliangalia rangi na povu, nikajaza yaliyobaki. Barua yako ya jiko, ile ya mkate na uji, ndiyo kitu pekee nilichonusa tangu nilipougua, na nilidhani nikikurudishia maneno ya namna hiyo utafurahi kama nilivyofurahi mimi.

Unauliza kwa nini siji. Nyumba zote za dada nazikumbuka kwa harufu. Sabuni ya kipande, vitunguu, mashuka yaliyotoka kwenye pasi, na yeye mwenyewe, yale mafuta yake ya nywele. Nikifumba macho huku getini bado ninayo yote. Naogopa nikija, akanikumbatia, nisipate kitu, itakuwa nimekumbatiwa na mtu baki, na hata hicho kilichobaki kichwani kitafutika. Halafu yeye anamsubiri Bwana Povu, fundi. Atamuona bawabu.

Usimwambie dada.

Mjomba

14 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Umesema nisimwambie Mama. Nimemwambia. Unaniita Chiriku miaka yote hii, ulitegemea nini?

Nilimsomea barua yako kutoka juu hadi chini. Pale pa mafuta ya nywele alinisimamisha nikarudia. Alilia kidogo, akajifuta kwa pindo la shuka, akasema: "Haya. Mimi sioni, yeye hanusi, na wewe hunyamazi. Familia imekamilika." Kisha akataka bia.

Ilikuwepo. Mkupuo wa pili nimeuoshea chupa mimi mwenyewe kwa maji yaliyochemka, na Mama nilimpa kazi ya kusikiliza mrija, aniambie mapovu yakinyamaza, maana masikio yake hayana mpinzani. Tuliifungua Jumamosi mchana. Sasa nakuambia mimi, mwenye pua: tende ipo. Moshi wa sukari upo. Karafuu sikuipata, hiyo ni yako.

Mama alishika glasi kwa mikono miwili, akanywa, akakaa nayo mdomoni, akaiweka chini. Akasema ni nzuri. Nikamuuliza, kama ile ya Mjomba? Akatikisa kichwa.

"Ya mjomba wako ilikuwa mbaya," alisema. "Chungu kama dawa ya malaria, na nusu glasi ni povu tupu."

Nikaweka glasi yangu chini. Mbona aliinywa mpaka chupa ya mwisho? Mbona mwaka mzima ananiimbia bia nyeusi, bia nyeusi? Alinitazama, au alitazama mahali niliposimama, kama mtu anayemweleza mtoto mgumu wa kuelewa.

"Yeye hakuwa mtu wa kukaa," alisema. "Kila siku ana haraka, ana rafiki wa kumuona, ana basi la kuwahi. Alikuwa anakaa tu chupa ikifunguliwa. Basi mimi nikawa nafungua."

Nimeandika kama alivyosema, sijaongeza neno. Daktari ametuona tena wiki iliyopita. Anachoona Mama sasa ni cha karibu sana, na katika mwanga mzuri.

Chiriku

29 Novemba

Chiriku,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, na malori mawili yamepiga honi mpaka yakachoka.

Miaka yote hii nimekuwa najisifia bia ile kwa kila aliyenisikiliza. Nilimweleza mpaka Mbelgiji mzee kwamba nyumbani kwetu ilinywewa ikaisha. Mbaya? Chungu kama dawa? Na povu, mwambie, lilikuwa la kiwango kinachotakiwa, ni yeye aliyekuwa anamimina vibaya.

Nimeomba likizo zangu zote kwa pamoja. Nafika kwa basi la asubuhi, tarehe kumi na moja mwezi ujao. Mwambie dada hayo maneno ayatunze. Nataka aniambie huku ananitazama.

Mjomba wako